Picha Ambayo Sijaiomba

Jumamosi, 2 Novemba 1957

Siku ya Marehemu Wote. Sikwenda kanisani. Miguu haikubali, na tumbo limekuwa zito kama gunia la kahawa mbichi. Nililala hapa nyumbani Kishanda nikisikiliza kengele, nikawataja marehemu wangu mmoja mmoja mpaka nikasinzia katikati ya majina. Watanisamehe. Si muda mrefu nitawataja uso kwa uso.

Daktari wa misheni aliniambia mwezi uliopita: ini limechoka, na haya tumboni ni maji. Aliniambia kwa upole mno — nikajua. Basi nimeanza shajara. Miaka yote niliwaambia watoto darasani kwamba shajara huandikwa kila siku, na mwenyewe sikuwahi kufika wiki ya pili. Safari hii labda nitafika. Au labda sitahitaji.

Alasiri padri alikuja kuniungamisha. Dhambi za uzee ni chache na hazina ladha. Nilipomaliza akauliza kama kuna jingine. Nikasema: Padri, kuna kitu nakipenda kuliko ninavyopaswa. Akasogeza kiti. Nikamwambia, ni picha za sigara, zile zilizokuwa zikitiwa ndani ya pakiti zamani. Akauliza kwa sauti ya chini kama ni picha za wanawake.

Hapana, Padri! Za wanaume! Wamevaa nguo nyeupe, wanacheza kriketi!

Akatoa leso akajifuta uso muda mrefu. Alikuwa anacheka. Amenipa Salamu Maria tatu. Nadhani ni kwa kosa la kumchekesha ndani ya sakramenti.

Jumapili, 3 Novemba

Baada ya uji nilimwambia Alistidia anishushie kopo la biskuti kutoka juu ya kabati. "Hao wazungu wako," akasema, akalifuta vumbi kwa kitenge chake. Lakini alinitandikia kitambaa cha meza juu ya blanketi ili nizipange. Miaka arobaini ya ndoa — anajua.

Namba moja, tatu, tano, saba. Zangu zote ni witiri. Za Mwijage, rafiki yangu wa Bukoba, ni shufwa. Ndivyo tulivyogawana tangu mwanzo, na aliyeokota isiyo yake alimpa mwenzake. Seti nzima ni hamsini. Imeandikwa nyuma kwa Kiingereza, herufi ndogo kama sisimizi.

Zimelainika kama nguo iliyofuliwa sana. Harufu ya tumbaku imekwisha, sasa zinanuka bati. Lakini nyuso ni zile zile! Mwenye Ndevu. Yule tuliyemwita Mkwe, kwa sababu anatabasamu huku hataki. Yule wa masikio makubwa — tulikubaliana kwamba ni wa ukoo wa Mwijage, hapakuhitajika ushahidi. Wote tuliwapa koo na miiko yao. Namba kumi na tisa, mwiko wake ni kula samaki kamongo. Tuliona si vizuri kuwaacha watu wazima bila ukoo.

Yote yalianzia Bukoba. Wakati ule nilikuwa nakwenda mjini kila mwisho wa mwezi kuchukua mishahara ya walimu wenzangu, na nilikuwa nalala Kagondo, hapo hapo Bukoba, kwa Mwijage. Yeye alikuwa dresa, mfunga vidonda wa hospitali. Siku moja akanionyesha picha aliyoiokota chini ya kitanda cha mgonjwa mzungu: mtu ameinua gogo bapa, na miguu yote miwili imefungwa vitu vyeupe mpaka juu ya magoti. Mwijage, dresa hodari, akatoa uamuzi: hizo ni banzi. Amevunjika miguu yote miwili. Tulipopata ya pili, naye ana banzi. Ya tatu pia! Mwijage akasema, Waingereza wana huruma kuliko Wajerumani. Viwete wao wa vita wamewatungia mchezo na kuwapiga picha.

Niliamini. Mimi, niliyesoma Kilatini! Hata niliwaombea.

Mpaka siku tulipowaona vijana wa Kihindi wakicheza uwanjani karibu na ziwa. Walivaa banzi zile zile, kisha wakakimbia kama swala. Tulisimama tangu asubuhi hadi jua lilipogeuka. Hakuna aliyeshinda. Katikati walikunywa chai. Mwijage akasema, sasa nimeelewa kwa nini wanapigwa picha: mchezo wenyewe hakuna anayeweza kuukumbuka.

Nyuma ya kila picha kuna maneno ya sifa. Nilitafuta kamusi nikamtafsiria. "Huyu ni hodari wa kurusha polepole." Mwijage akashangaa: mtu anasifiwaje kwa polepole?

Nimecheka peke yangu mpaka Alistidia akaja kuangalia kama ni maumivu.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua. Rugemalira, mkubwa wa ukoo wetu, alikuja na mwavuli na maneno.

Aliongea juu ya kahawa, juu ya chama, juu ya vijana wa TANU wanaopita na kadi. Kisha akatazama tumbo langu lilivyoinua blanketi. Akasema, "Mwalimu, tumbo halivimbi bure." Nikajifanya sielewi. Akasema, "Wewe ulinywana na mtu."

Ndiyo. Niliandike hilo.

Mimi na Mwijage tulinywana wakati wa vita ya Wajerumani na Waingereza. Yeye alikuwa bado hajabatizwa. Mimi nilikuwa nimebatizwa na nilijua vizuri kwamba mapadri hawapendi. (Hilo niliungama zamani, limekwisha.) Tunda moja la kahawa lina punje mbili. Tulichanjwa karibu na kitovu, kila punje ikapakwa damu. Mimi nikameza yenye damu yake, yeye akameza yenye yangu. Masharti ni mawili. Usimfanyie omunywani wako, yaani uliyenywana naye, hila. Na akikuomba kitu, huwezi kukataa. Chochote! Anayevunja, ile punje humvimbia tumboni mpaka afe.

Kwa sababu hiyo watu walionywana hawaombani ovyo. Mimi na Mwijage hatujawahi kuombana hata kiberiti. Mmoja husema, "Sijui kiberiti kiko wapi," na mwenzake hutoa. Ndiyo adabu yenyewe.

Sasa watu wa Kishanda wameliona tumbo langu na wamekwisha kukata shauri. Eti mimi, Mwalimu Datius, nilimfanyia hila omunywani wangu. Rugemalira anataka Mwijage aje aseme mbele ya wazee kwamba hana kinyongo. Alistidia alitokea jikoni na mwiko mkononi: "Na yule Mhindi wa duka la Muleba aliyevimba mwaka jana, naye alimeza kahawa ya nani?"

Rugemalira akafungua mwavuli akiwa bado ndani ya nyumba.

Lakini baadaye nilimsikia Alistidia akilia. Najua ni kwa sababu ya jina. Nitazikwa katika kibanja hiki, kwenye migomba yangu, na watu watatupa udongo huku wanasema: mdanganyifu yule.

Nimejichunguza tangu mchana. Mwijage sikumfanyia hila. Hata picha iliyorudiwa sikumficha. Sina cha kukiri. Ajabu — kwa mara ya kwanza maishani natamani ningekuwa nacho.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimekubali Mwijage aitwe. Dereva wa basi la Bukoba atampelekea habari.

Rugemalira amefurahi, anadhani nimeogopa punje. Siogopi. Maji ni maji, ini ni ini. Ukweli ni huu, na hapa hakuna wa kunisoma: namtaka Mwijage. Ana miaka miwili hajapanda basi kwa sababu ya mgongo, na mimi ndiyo hivi. Punje imenipa kisingizio, nami nimekipokea kwa mikono miwili.

Na picha zake! Sijawahi kuziona zote hamsini mahali pamoja. Hapana — arobaini na tisa. Namba thelathini na tatu hatukuipata kamwe. Ni witiri, ni yangu. Niliitafuta gatini meli ya Mwanza ilipofika, abiria walipokuwa wakivuta na kutupa pakiti. Niliitafuta nyuma ya hoteli, nyuma ya boma, na heshima yangu yote ya ualimu na kofia kichwani. Kila mwisho wa mwezi nilimwuliza Mwijage kama imeonekana. Kisha vita ya pili ikaja, pakiti zikawa hazina picha tena. Basi. Mtu wa thelathini na tatu amebaki kuwa shimo. Pengine ana ndevu. Pengine ndiye aliyekuwa bora kuliko wote.

Jumatatu, 11 Novemba

Usiku mbaya, asubuhi mbaya. Siandiki.

Jioni: senene, panzi wetu watamu, zimeanguka! Kijiji chote kiko nje, hata Rugemalira anakimbia na ndoo. Alistidia amenikaangia sahani. Nimekula nane, daktari na aseme anachotaka.

Jumatano, 13 Novemba

Amekuja!

Basi lilimshusha Muleba, na kutoka hapo akaletwa nyuma ya baiskeli, amefungwa kwa khanga kwenye kiti kama mkungu wa ndizi. Binti yake Verdiana alitembea nyuma akimshika mgongo. Nilimsikia kabla sijamwona:

"Datius! Wamesema una mimba!"

"Karibu uione," nikasema.

"Ya mwezi wa ngapi?"

"Mwulize baba yake. Si damu yako ndiyo niliyoimeza?"

Alistidia aliziba mdomo kwa kitenge. Verdiana akapiga magoti, akaniita baba, "Shikamoo, tata," naye anacheka huku machozi yanamtoka, maana aliona nilivyokonda usoni. Mwijage hakulia. Aliinua blanketi, akaligonga tumbo kwa vidole viwili kama alivyokuwa akiwagonga wagonjwa, akasikiliza. Akarudisha blanketi taratibu. Dresa hasahau. Akasema, "Ni maji." Kisha akasema, "Mengi."

Alistidia akaleta kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Mwijage akachukua punje, akanitazama: "Hii haina damu?" Tukaanza upya.

Ameshangaa kuona rozari juu ya kitanda changu na picha nne za watakatifu ukutani. Anasema ndiyo maana nilipenda picha za sigara, Mkatoliki hawezi kuona karatasi yenye uso bila kuitundika. Nikamwambia Waluteri kama yeye hawana hata mtakatifu mmoja wa kuwasaidia kupanda baiskeli.

Kopo lake ni la chai. Ameliweka kwenye magoti muda wote, hata alipokula. Nami sikusema, "Naomba tuone." Nilisema, "Sijui hali ya hewa huko kwenye makopo ikoje." Akasema, "Kesho, mchana, kwenye mwanga."

Nimelala vizuri leo mchana kama mtoto aliyeahidiwa sikukuu.

Alhamisi, 14 Novemba

Lazima niandike yote hata kama mkono unachoka.

Verdiana na Alistidia walisogeza meza mpaka kitandani. Tukapanga. Yeye anaweka mbili, mimi moja kabla yake. Yeye nne, mimi tatu. Tulisalimiana nao. "Huyu bado hajanyoa!" "Mkwe bado hataki!" Tulibishana upya ukoo wa namba ishirini na nane. Vidole vya Mwijage vinatetemeka, vyangu vimevimba. Picha moja ilianguka, ikachukua watu wawili na fimbo kuiokota. Sijui kama nimewahi kuwa na mchana mzuri kuliko huu. Harusi yangu, labda. Lakini siku ya harusi viatu vilibana.

Mwishoni meza ilikuwa imejaa nguo nyeupe, mistari mitano, kumi kumi. Na shimo moja.

Mwijage akaweka kidole kwenye shimo. Akakiacha hapo. Akasema, "Hii hukuwahi kuniomba."

Nikasema, "Nikuombe kitu usichokuwa nacho? Nilikuuliza kila mwezi kama imeonekana."

"Nami nilijibu nini?"

Nikafikiri. Nikakumbuka. Kila mara, kila mwisho wa mwezi, mlangoni pake Kagondo: "Endelea kutafuta."

Mwijage hakunitazama. Akasema aliiokota gatini mwaka wa nzige. Mwaka wa nzige! Aliijua mara moja, akaitia mfukoni, na jioni ile ile mimi nikafika nikiwa na vumbi la safari, nikauliza. Alifungua mdomo kusema ndiyo.

"Kisha?"

"Kisha nikafikiri. Ukikamilisha, utakuja Kagondo kufanya nini? Mishahara atatumwa mwalimu kijana. Wewe ukija Bukoba utalala misheni, kwa Wakatoliki wenzako, kwenye vitanda vya chandarua."

Nikasema ningekuja kumwona yeye.

"Uso huu?" akasema. "Bila picha?"

Nilitaka kukasirika. Nilijitahidi hata. Nilikumbuka siku nilizopekua takataka za hoteli, na yule mpishi aliyenimwagia maji ya vyombo. Lakini nilikumbuka pia jioni zile, mimi na yeye barazani, rubisi kidogo, pombe ya ndizi, kwenye kibuyu, tukibashiri sura ya thelathini na tatu. Tulimpa majina mengi. Tulimwoza. Mwijage alikuwa anamjua wakati wote! Alikuwa amekaa hapo, anamjua, na ananiacha nibashiri, na anacheka na mimi.

Nikamwuliza, "Basi kama mwenye hila ni wewe, kwa nini limevimba tumbo langu?"

Akafikiri kama mganga. "Kwa sababu hukuomba. Mimi sikudanganya hata siku moja, nilisema tafuta. Wewe ndiye umekaa na ombi tumboni tangu mwaka wa nzige. Lazima livimbe."

Tulicheka mpaka Verdiana akatunyang'anya picha, zisidondoke zote.

Kisha akagusa mfuko wa shati. Iko humo, imekunjiwa karatasi ya dawa. Hakuitoa. Akasema bila utani: nikikupa tu, ni zawadi, na kosa langu linabaki palepale. Lazima uombe. Ukiomba nami nikatoa, tumemalizana, wazee na wasikie.

Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Nikasema nimechoka, nitaomba kesho.

Ijumaa, 15 Novemba

Rugemalira alikuja na wazee wawili kusikiliza. Mwijage akawaeleza wazi, hakujitetea. Akasema, "Datius hana hila. Mwenye hila ni mimi." Wazee wakatazama tumbo lake; ni bapa kama ubao. Wakatazama langu. Rugemalira alikuna kichwa muda mrefu. Hatimaye akasema damu pengine hukosea nyumba.

Sawa. Jina langu limesafishwa. Alistidia amewapa rubisi, na kibuyu kizuri, si kile chenye ufa.

Rugemalira akasema, "Basi omba, Mwalimu, tushuhudie." Wote wakanitazama. Nikasema padri anakuja Jumapili, ingefaa kungoja. Mwijage akainua nyusi. Anajua kabisa kwamba padri hana habari na mambo haya, na hangetaka kuwa nayo.

Jumapili, 17 Novemba

Padri alikuja na Komunyo. Hakuulizwa kitu. Aliona meza imejaa wachezaji, akainama akazitazama kwa makini moja moja, kumbe kijana huyu kwao wanacheza! Alituambia sheria zote. Sasa tunajua kidogo hata kuliko mwanzo.

Verdiana ameondoka na basi, ana watoto. Alimwambia baba yake, "Tata, twende, mgongo wako." Mwijage akajibu, "Siondoki mpaka huyu aombe." Verdiana akanigeukia mimi. "Tata, mwombe basi arudi nyumbani."

Nikasema nitaomba.

Arudi nyumbani! Ndilo neno hasa. Nikiomba, atatoa, akitoa, yamekwisha, yakiisha, baiskeli italetwa. Nami najua nitakavyokaa na picha hamsini kamili na kiti kitupu. Mwaka wa nzige alifikiri hivi hivi yeye. Ndiyo maana siwezi kumkasirikia. Nimekuwa mwizi kama yeye.

Alistidia ameelewa bila kuambiwa. Verdiana alipoondoka aliweka ndizi za kutosha watu watatu kwenye sufuria. Alipopita karibu nami alisema taratibu, "Usiombe mpaka senene ziishe, Mwalimu. Nimezianika nyingi."

Jumanne, 19 Novemba

Mwijage analala kwenye kitanda cha wageni, hatua chache kutoka hapa. Anakoroma. Mchana ananisomea sifa za nyuma kwa Kiingereza chake cha hospitali. Ananigeuza ubavu vizuri kuliko mtu yeyote.

Lakini jana alikohoa sana, akakaa kitandani ameshika kifua. Yeye pia ni mzee. Nimesahau hilo kila siku.

Leo alisema, bila kunitazama: "Usife na ombi hilo tumboni, Datius. Ukifa nalo, unaniachia mimi. Nitakwenda kaburini na kitu chako mfukoni."

Nilimshika mkono. Una baridi.

Nikingoja sana, namdhulumu. Nikiomba leo, anakwenda. Nimefundisha hesabu miaka yote, na hii siiwezi.

Jumatano, 20 Novemba

Nimeamka bila maumivu. Nimewahi kuliona jambo hili kwa wengine, najua maana yake. Mwijage naye anajua. Aligusa mapigo yangu, akahesabu, hakusema ngapi.

Mwanga ni mzuri. Alistidia ametandika nyasi mpya sebuleni, harufu yake imejaa nyumba nzima. Picha ziko mezani. Wote wapo, isipokuwa mmoja.

Mwijage amevuta kiti mpaka karibu na uso wangu. Amesema, "Leo." Hakutania. Mkono tayari ulikuwa mfukoni. Nimesikia karatasi ya dawa ikilia.

Nikasema, "Mwijage, omunywani wangu, naomba —"

Alistidia aliacha kufagia. Mwijage alifumba macho. Miaka yote hiyo, sikuwahi kumwambia neno hilo!

"— maji ya kunywa."

Kisha kicheko kilimtoka puani, kikawa kikohozi, kikawa kicheko tena. "Mwizi wewe," akasema. "Mwizi mkubwa!" Lakini hawezi kukataa. Amesimama. Alistidia alitaka kumsaidia, akamkataza kwa fimbo: ameombwa yeye.

Ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika. Nasikia kata ikigonga mtungi. Baada ya maji nitaomba ndizi mbivu moja. Baada ya ndizi, anifungulie dirisha. Kisha anisomee namba kumi na mbili. Nina mengi ya kuomba, nilikuwa sijui. Na lile nalo nitaliomba, sitamwachia mzigo. Nitaliomba. Leo leo.

Anarudi. Anamwaga njiani. Mkono mmoja una kikombe, mwingine umerudi mfukoni, na anasema kutoka mlangoni ninywe upesi, anajua bado kuna lile.

Nitakunywa kidogo kidogo.